Zaki Mpika Halwa na Vidonge vya Pumu

Kofi la kwanza Zaki alimpiga mteja aliyesema halwa haikukolea. La pili aliupiga mlango, na paka wote wa mtaa wake wa Kibokoni, wallahi, wakahamia mtaa wa Tononoka siku ile ile wala hawajarudi.

Mkewe, Mwanaesha, alikuwa naye mwaka wa thelathini huu. Kabla ya vidonge, Zaki alikuwa mtu mpole, aliyesonga halwa tangu ujana, hata kuni akinunua kwa kunong'ona. Moshi wa kuni hizo ndio uliomla kifua. Pumu ilipombana, daktari akampa vidonge vya prednisolone, na muuguzi Kasyoka akamketisha, mkewe akisikia.

"Mzee Zaki, dawa hii yapandisha sukari, na kisukari unacho tayari. Vitamu sasa basi. Yaweza kukupandisha na hasira. Meza ukishakula. Vile vidonge vyako vya maumivu ya magoti usichanganye navyo, vitakutoboa tumbo. Na usiiache ghafla, utaanguka."

"Nimesikia, mwanangu."

Kusikia alisikia. Lakini mpika halwa huonja, tangu sufuria la alfajiri hadi la magharibi. Mwanaesha akimkemea, jibu lilikuwa lile lile.

"Kuonja si kula. Hata mpishi aliyefunga saumu huruhusiwa."

"Huruhusiwa akatema! Wewe wameza!"

Wiki ya tatu uso ulimvimba ukawa mviringo. Mtungi wa maji aliumaliza kwa pumzi moja. Usingizi ukamhama. Alimpasua muuza kuni kichwa kwa jiwe la mizani, na bawaba ya dirisha akaing'oa kwa meno. Majirani ni mashahidi.

Ijumaa, nduguye Hussam akamwambia, "Kaka, punguza kuonja."

Zaki akauinua mwiko, mrefu kama mtu, unachuruzika halwa ya moto, akamshukia nao mkononi. Mfupa ukalia kwaa! Halwa ikamganda Hussam shingoni, akaibandua huku anapiga mayowe, na ngozi ikatoka nayo. Mwiko ukapanda tena, safari hii ukilenga kichwa.

Mwanaesha alikuwa ameshika vidonge mkononi, yu tayari kuvitupa chooni, maana ndivyo vilivyomwibia mume. Akakumbuka lile neno la Kasyoka, utaanguka. Akavitia kifuani, akamrukia Zaki mgongoni, akamng'ata sikio mpaka damu ikamjaa kinywa. Mwiko ukaanguka.

"Niachie, nitakuua!"

"Niue! Lakini kwanza twende ukapimwe!"

Akamfunga mikono kwa leso zake mbili, akampakia yeye na Hussam kwenye tuktuk.

Hospitalini sukari ilikuwa imepanda mpaka kipimo kikashindwa kutaja tarakimu. Zaki alichomwa sindano, na vidonge vikaanza kupunguzwa, kidogo kidogo.

Siku ya nne akili zilimrudi. Akasikia mtu anaguna kitanda cha pili, nyuma ya pazia.

"Nani yule?"

"Hussam. Kavunjwa mkono, kaungua na shingo," akasema Mwanaesha, ameketi kando ya kitanda.

"Masikini! Nani kamfanya hivyo?"

Mwanaesha akamtazama. Alisimama, akalivuta pazia.