Siku Mama Alipokwenda Shuleni

Msimu wa korosho ulianza kwa harufu. Mabibo yaliyoiva yalidondoka chini ya mikorosho, yakapasuka na kuchacha juani, na utamu wake mkali ukaingia hadi ndani ya nyumba, ukashika kwenye mikeka, kwenye nguo, hata kwenye nywele zetu. Kijiji chetu kilikuwa njiani kuelekea Msimbati, pwani ya Mtwara, katikati ya mashamba ya mihogo na korosho. Miaka hiyo ya hamsini, Mwingereza akingali anatawala, shule yetu ilikuwa banda la miti na udongo lililoezekwa makuti, nayo ilikuwa na mwalimu mmoja tu. Mwalimu Festo alikuwa Mmakua kutoka upande wa Masasi, kijana mwembamba mwenye kaptura iliyonyooshwa kwa pasi, na Mkristo peke yake kijijini. Sisi watoto tulimwogopa. Wazazi walimsalimu kwa adabu njiani, kisha wakapita. Sikumbuki kumwona hata mmoja wao akikanyaga uwanja wa shule.

Mwaka nilipokuwa darasa la pili, mikorosho ilizaa kupita kiasi. Baba alinizuia shule nimsaidie mama kuokota, na jioni tulikaranga korosho kwenye kipande cha bati na kubangua. Mafuta ya maganda yaliniunguza viganja, ngozi ikawa nyeusi na kuanza kubanduka. Niliporudi darasani, Mwalimu Festo aliniuliza nilikuwa wapi, lakini hakungoja jibu. Akaitazama mikono yangu. "Hata kunawa kumekushinda?" akasema, akanichapa viganja vyote viwili. Nilifika nyumbani vikivuja damu. Baba aliviona akaweka jembe chini. "Basi," alisema. "Fatu hatarudi tena kule." Habari zikazunguka, na kesho yake majirani wengi nao wakawazuia watoto wao.

Mama yangu, Bi Somoe, hakubishana na baba. Asubuhi ile alijifunga kanga yake ya kutokea, akanishika mkono juu ya kiwiko, mahali pasipouma. "Mnakwenda wapi?" baba akauliza. "Kwa aliyempiga mwanangu," mama akajibu, tukaondoka. Njiani aliniambia kwamba mimi ndiye nitakayemsemea. Kimakonde kilikuwa lugha yake. Kiswahili chake kilimtosha kununua chumvi na kuitikia salamu, si kugombana na mwalimu.

Tulimkuta Mwalimu Festo amesimama mbele ya wanafunzi wachache waliotapakaa kwenye madawati. Mama alikataa kukaa. "Mwambie hukuwa mchafu," alisema. "Mwambie ni mafuta ya korosho. Angeuliza, angejibiwa. Badala yake amempiga mtoto mwenye vidonda, na nikimwona tena na fimbo ile juu ya mwanangu nitaivunja mbele ya darasa lake." Nikamwambia mwalimu kwamba mama anasema ni mafuta ya korosho. Mama akanigeukia. "Mbona maneno yangu yalikuwa marefu na yako yamekuwa mafupi? Mwambie yote." Nikayasema yote, macho yakiwa sakafuni, pamoja na lile la fimbo.

Mwalimu alichuchumaa mbele yangu, akavishika viganja vyangu taratibu na kuvitazama kwa muda. "Nimekosa, mama," akasema. "Sikujua. Pole, Fatu." Kisha akasimama. "Lakini mfikishie na haya, nawe usiyakate. Watoto wanapotea wiki nzima, hakuna mzazi anayekuja kuniambia wako wapi. Mkaguzi yuko njiani. Akikuta madawati matupu, shule hii itafungwa, na shule nyingine iko mbali, mtoto kama huyu hawezi kwenda na kurudi." Nilipomaliza kutafsiri, mama akakaa kwenye dawati. "Hilo hakuna aliyetuambia," alisema. Mwalimu akajibu kwamba naye hakujua aanzie nyumba ya nani. "Aanzie kwangu," mama akasema. "Aje Ijumaa, baada ya sala. Aache fimbo."

Alikuja. Wanaume walikaa barazani, wanawake mlangoni, na baba hakutabasamu tangu mwanzo. "Ukimpiga tena mwanangu?" akauliza. "Nitakuja kwako kwanza, mzee, kabla ya kumgusa," mwalimu akajibu. "Na wewe ukimhitaji shamba?" Baba akafikiri. "Nitakuja kukuambia." Yalizungumzwa mengi, mengine kwa sauti za juu, na jirani yetu mmoja aliondoka akisema mwalimu anataka kutufundishia watoto dini yake. Wengine walikubaliana kwamba msimu ule tuokote korosho alfajiri, na mwalimu aanze masomo jua likishapanda. Kila asubuhi mama alipita nyumba hadi nyumba akiita watoto. Kuna waliomfungia mlango. Kesho yake alirudi kwenye mlango uleule. Mkaguzi alipofika, alikuta madawati yamejaa kiasi cha kumridhisha, na shule yetu ikabaki. Nikamaliza pale, nikaendelea mbele, mwisho nikawa mkunga.

Sasa ninaishi Magomeni, hapa Mtwara mjini, na mjukuu wangu anasoma shule ya matofali yenye walimu wengi. Shule huwatumia wazazi ujumbe kwenye simu. Binti yangu huusoma akiwa dukani, hujibu "sawa", kisha huendelea kuhudumia wateja. Simlaumu, kazi zake ni nyingi. Lakini mwezi uliopita mtoto alianza kuamka akilia, akikataa kwenda shule, na ule ujumbe wa simu haukuwa na neno lolote juu ya hilo. Nikajifunga kanga, nikaenda. Mwalimu wake, binti mdogo mwenye uchovu machoni, alinivutia kiti, akauliza kama nimeitwa. Nikamwambia sijaitwa. Tulizungumza mpaka kengele ikalia, akanieleza asiyoyajua binti yangu, nami nikamweleza asiyoyajua yeye. Jioni nilimwambia binti yangu kwamba kesho duka litafunguliwa kwa kuchelewa, kwa kuwa yeye atakwenda kwanza shuleni. Alianza kulalamika juu ya wateja. Kulipokucha nikamletea viatu vyake.