Mkandaji wa Ng'ambo na kijiko cha maji

Saa mbili asubuhi, chumba cha uani kinanukia liwa na mafuta ya nazi. Bi Mwatum Borafya amepiga magoti kitandani akimfunga Nadra mkaja, kitambaa kirefu cha kubana tumbo la mzazi. Anavuta, anashusha pumzi, anavuta tena. Leo ni siku ya kumi na saba tangu Nadra ajifungue mtoto wake wa kwanza, Yusra.

Mlango unasukumwa. Anaingia Bi Salhiya, mama mkwe wa Nadra, na sahani nyeupe iliyoandikwa aya kwa zafarani. Ni kombe, dawa ya kunywa. Mtoto analia siku ya tatu sasa, na bibi yake hawezi kumwona akitaabika akakaa kimya.

"Nampa vijiko viwili tu," anasema, akimimina maji kwenye sahani kuyaosha maandishi. "Wanangu wote wamekunywa, na wazima."

Nadra anainamisha macho. Mzazi wa siku kumi na saba hana sauti mbele ya mkwe. Anayesema ni Mwatum, naye anajua neno moja linaweza kumtoa kazini.

"Bi Salhiya, kombe mpe mama yake. Mtoto hataki kitu ila ziwa."

"We umekuja kukanda au kulea?"

"Nimekuja kukanda. Lakini hilo siwezi kuliona nkanyamaza."

Mwatum, mwenye umri wa miaka hamsini na minane, amekanda wazazi wa Ng'ambo, mjini Zanzibar, kwa miaka ishirini na saba. Arubaini moja, yaani siku arobaini za kumhudumia mzazi, humpa shilingi laki moja na nusu na doti ya kanga, na ndizo zinazomlisha yeye na mama yake mzazi, ambaye Mwatum ndiye anayemtunza. Mwaka jana nyumba tatu zilimwambia asirudi, zote kwa sababu alikataza mtoto kupewa maji ya kombe. Walimwona ameipa dini mgongo, na hilo lilimuuma kuliko kufukuzwa.

"Maneno ya Mungu hayana ila," anamwambia Bi Salhiya. "Yenye ila ni maji, na tumbo changa haliyawezi."

Anajua anachosema. Mwanawe wa kwanza, Sabri, alinyweshwa kombe na dawa ya mchango, yaani msokoto wa tumbo, tangu siku ya sita. Akaanza kuhara. Siku ya thelathini na tisa, vitu vya shughuli ya arubaini vimeshanunuliwa, akafariki dunia. Aliyekuwa akimnywesha, kwa mapenzi yote ya bibi, ni mama yake Mwatum.

Mwatum hakuelewa hadi miaka kumi iliyopita, wakunga wa kituo cha afya walipowaita wakandaji na kuwaeleza kuwa kabla ya miezi sita mtoto hahitaji hata maji, maziwa ya mama yanamtosha. Hadi siku hiyo na yeye alikuwa akiwanywesha watoto wa watu.

"Wenzangu walikuwa wanauliza maswali," anakumbuka. "Mie nlikuwa namwona Sabri tu."

Mama yake, sasa mwenye miaka themanini na mmoja, hajaambiwa kilichomuua mjukuu wake. Macho yake hayasomi tena, ndiyo maana Mwatum amekubali haya yaandikwe. Kila jioni bibi huyo huuliza, "Mtoto wa leo mshampa maji?"

"Nshampa, mama," Mwatum hujibu. Ni uongo, na kila anaposwali anauombea msamaha.

Chumbani, Yusra analia tena. Mwatum anamwinua, anamlaza vizuri kifuani kwa Nadra mpaka kinywa kimeshika ziwa sawasawa. Kilio kinakatika. Bi Salhiya anamsogezea Nadra ile sahani ya kombe.

"Kunywa wewe basi. Lakini akilia kesho, nampa mwenyewe."

Kesho Mwatum atakuwepo. Arubaini ikisha, atakuja kila Ijumaa bila malipo hadi Yusra atimize miezi sita. Siku hiyo amepanga kuja na mama yake.

"Nataka kijiko cha kwanza cha maji ampe yeye, kwa mkono wake," anasema, akijifuta macho kwa pembe ya kanga. "Ampe, na mtoto asiumwe."