Kiini cha Zamani kwa Mashine ya Shangazi

Kwenye kibanda cha kutengeneza kompyuta nilichofungua Kashai, mjini Bukoba, baada ya chuo kikuu, ninatumia fleshi mbili kusakinisha mfumo endeshi uleule. Kwa macho huwezi kuzitofautisha. Tofauti iko kwenye kiini, sehemu ya ndani inayoelewana na vyuma vya mashine: moja ina kiini kipya, kwa kompyuta za karibuni, nyingine ina cha zamani, kwa zilizozeeka. Waliotengeneza mfumo huo wanatoa zote mbili ili mtu achague inayomfaa.

Shangazi, mwalimu wa shule ya msingi Kishanda, kule Muleba, alikuja Bukoba na kompyuta yake ameifunga kwenye kitenge. Alitaka niiwekee mfumo ili aitumie kuchapa mitihani ya muhula. Nikamweleza habari ya fleshi mbili.

"Hiyo ya zamani mnawapa akina nani?"

"Watu wa Muleba, mama," akadakia bodaboda mmoja aliyekuwa anachaji simu kwangu. "Mpya tunabaki nazo mjini!"

Watu wakacheka. Shangazi hakucheka. Mimi ninayebishana hata na mchungaji nikashindwa kumwambia mbele za watu kwamba mashine yake imezeeka. Niliona ni kama ningemwambia yeye ndiye aliyezeeka. Nikachomeka ya kiini kipya. Mashine ikawaka vizuri, akanibariki, akapanda basi.

Siku chache baadaye akapiga simu: kioo kinakuwa cheusi kila akianza kuandika. Kiini kipya hakikuielewa tena kadi yake ya picha. Nikaenda. Nilimkuta darasani anaandika mtihani ubaoni, chaki imemjaa hadi kwenye kiwiko, watoto wananakili. Nikabaki mlangoni.

Nyumbani alinikalisha, akanipa punje za kahawa ya kutafuna, kama mgeni, kisha ndizi kwa maharage, kabla sijagusa mashine. Nikamwambia ukweli.

"Kwa hiyo ulijua tangu siku ile?"

"Nilijua, shangazi."

"Na ulidhani mimi sijui? Nimeirithi kwa walimu wawili! Kanisani unauliza maswali mpaka watu wanachelewa kula. Kwangu uliogopa nini?"

"Nilikuonea haya."

"Haya? Ulinionea huruma, mwanangu."

Jirani akapiga hodi, shangazi akamkaribisha ndani.

"Huyu ndiye mtoto wetu wa chuo kikuu," akamwambia. "Amekuja kuniwekea kiini cha zamani, maana mashine yangu ni ya zamani."

Alisema hivyo kwa sauti ya kawaida kabisa. Nikainama, nikijifanya natafuta tundu la kuchomekea fleshi.