Kifungo cha Jumatano

Fundi cherehani wa mtaa wetu ana sifa moja ambayo hata wanaomsengenya wanaikubali: kifungo akikishona yeye, shati litachakaa kifungo kikiwa palepale. Mimi nauza vitambaa mlango wa pili, namjua. Kwa hiyo nilipoona binti yake wa miaka minane anakuja dukani kwa baba yake kila Jumatano, sare yake ya shule imeng'oka kifungo, nilijua hapa kuna namna.

Fundi na mkewe waliachana bila kurushiana vyombo. Mjomba wa mke aliwakalisha wakagawana siku: Jumatatu hadi Ijumaa mtoto kwa mama, ambaye ni muuguzi, Jumamosi na Jumapili kwa baba. Fundi aliitikia vizuri tu. Kisha akaonja siku tano bila mwanawe, zikamshinda. Basi kila Jumapili, akishapiga pasi sare, alikilegeza kifungo kimoja, akakiachia nyuzi mbili za kukifikisha Jumatano. Hakukosea hata mara moja.

Lakini za mwizi ni arobaini, na zake zilitimia wiki ya sita. Alikuja mama mtu mwenyewe, sare mkononi. Yule anashona ngozi za watu. Habari za uzi humwambii kitu.

"Fundi," alisema, kama mteja yeyote. "Uzi huu haukukatika. Umelegezwa."

Fundi akainamia cherehani. "Namkumbuka mwanangu."

"Si ungesema?"

"Ningesema ungekubali?"

Mama alichezea kopo la vifungo, akachagua kimoja, akakiweka mezani. "Jumatano awe anakuja kwako. Ila shona, tafadhali."

Fundi akashona vyote vitano upya. Hata koleo lisingeving'oa.

Jumamosi iliyofuata nilikuwa pale nikipima kitambaa, mtoto akatoka chumba cha nyuma na kifungo cha sare kiganjani.

"Baba, kimetoka. Mama ndiye anayejua kukishona. Twende wote."

Fundi alikigeuza, akautazama uzi. Ulikuwa na alama za meno. Mtoto wa nyoka ni nyoka, nikasema moyoni, nikabana kicheko.

Sindano alikuwa nayo, imeshatungwa uzi, ameichomeka kifuani pa shati. Aliiacha hapohapo. Akavaa viatu, akamshika mwanawe mkono, akanipa ufunguo.

"Niangalizie duka," akaniambia. "Kuna kazi imenishinda."