Nilivyoizidishia Mirihi Mvutano

Mjukuu wangu yuko kidato cha pili, tunaishi naye Temeke, na kwa kawaida hanipi heshima yoyote. Huniita kijana, mie namwita bi mkubwa. Ananicheka kipara, namcheka meno. Babu na mjukuu ni watani. Asiyelielewa hilo akamuulize babu yake.

Jioni moja alinifuata kibarazani na swali la kundi lao: kati ya sayari za Zebaki na Mirihi, mtu angekuwa mzito zaidi wapi?

"Mirihi," nikamjibu hata hajamaliza kuuliza. "Ndiyo kubwa. Kikubwa huvuta zaidi."

"Una uhakika, kijana?"

"Mie nimemaliza kidato cha nne baba yako hajazaliwa."

Kumaliza nilimaliza. Fizikia nilipata nini, hilo sikumwambia. Akaniamini, na kesho yake akasimama mbele ya darasa kulitetea jibu langu kwa niaba ya kundi zima.

Aliporudi alisema, "Shikamoo, babu," akapita ndani.

Nikajua mambo yameharibika. Mtoto huyu hajawahi kuniamkia kwa adabu bila kusukumwa na bibi yake. Siku iliyofuata, shikamoo tena, halafu "asante, babu" kwa kikombe cha chai. Nyumba ikawa kama ina msiba. Bibi yake ndiye aliyenieleza: darasa lilimcheka, na wenzake wamemwambia asiwasemee tena.

Akiwa shule, nikakisoma kitabu chake. Mirihi ni kubwa kweli, na tungamo lake ni karibu mara mbili ya lile la Zebaki. Lakini Zebaki imejaa chuma ndani, tena kwa udogo wake, ukisimama juu yake uko karibu zaidi na kitovu chake. Mwishowe zote mbili zinavuta karibu sawasawa: uzito wako ungekuwa theluthi ya huu wa hapa, na ziada kidogo. Zuhura ndiyo inayoikaribia Dunia, kwa ukubwa na kwa mvutano. Na mie nilikuwa karani bandarini! Nimeona wapagazi wakitembea na furushi la magodoro kichwani huku wanapiga soga, kisha wakatukanana kwa uzito wa kijisanduku cha misumari. Nilikuwa nikiandika tu, sikujifunza kitu.

Alhamisi nikavaa koti la harusi za watu, nikaenda shuleni, nikamwomba mwalimu wake dakika chache.

"Wajukuu zangu," nikasema, "lile jibu la ovyo ni langu. Mwenzenu kosa lake ni kumwamini mzee mwenye domo."

Darasa likachangamka. Mmoja akasimama. "Shikamoo, babu. Kwa hiyo huko Mirihi kitambi kingepungua?"

"Marahaba. Mizani ingesoma kidogo. Kitambi kingebaki hiki hiki."

"Na ungeruka juu kiasi gani?"

Kwa ujinga wangu nikaruka, wapate kimo cha hapa duniani ili wakizidishe karibu mara tatu. Cha kuzidisha chenyewe hakikuwepo. Goti lililia kama mlango mbovu, nikatua nimeikumbatia meza ya mwalimu. Watu wakavunjika mbavu.

Nikamtafuta mjukuu wangu kwa macho. Alikuwa amejifunika uso kwa viganja, mabega yanatikisika.

"Jamani," akawaambia wenzake, "huyu mzee mie simjui. Nani kamfungulia geti?"