Mpira Ulioporomokea Kwenye Tangawizi

Watu wakisikia nilicheza hoki, ile ya magongo, wananiuliza huko milimani tuliichezea wapi. Swali zuri. Wenye programu ya mkoa hawakuwahi kujiuliza. Walileta magongo yaliyotumika, fulana na bango la kukuza vipaji, wakapiga picha, wakateremka zao mjini Same.

Uwanja wa sekondari yetu ulichongwa ubavuni mwa mlima. Upande wa chini hakukuwa na wavu wala ua. Mpira ukivuka mstari unabingirika hadi shamba la tangawizi la bibi mmoja. Na bibi yule harushi mpira. Aliyeupiga ashuke mwenyewe, atoe shikamoo, aulizwe ni wa ukoo gani, mama hajambo, mguu wa babu umepona, mahindi ya kwao yamefikia wapi. Ukikatisha salamu huna adabu, na mpira hupewi. Ukirudi juu wenzako wameshakaa chini.

Basi tukajifunza kutopiga. Mpira unakaa kwenye gongo, pasi fupi fupi, ukibanwa unageuka. Mwalimu wa mkoa, aliyezunguka mashuleni kusaka wachezaji, alinisifu sana. Akaniambia kuna chuo Dar chenye timu ya wasichana, kinawachukua na kuwasomesha bure. Nyumbani hakukuwa na wa kunisomesha chuo. Njia yangu ilikuwa hiyo, sikuwa na nyingine.

Na uwanja wetu aliujua. Siku moja alipiga mpira mwenyewe ukaporomoka, akashuka na viatu vyake vya kung'aa, bibi akamhoji weee, tukachoka kumsubiri. Alirudi anacheka.

Siku ya mchujo tulishushwa Same, kwenye uwanja tambarare kama meza. Kocha wa chuo alikaa kwenye kiti cha plastiki, mwalimu wa mkoa pembeni yake. Nikapata mpira. Kule mbali kulia mwenzangu yuko peke yake, anapunga gongo, ananiita. Mkono ukakataa. Nikawazungusha watu, nikageuka, nikanyang'anywa. Mara ya pili hivyo hivyo. Nilipotoka kunywa maji nikamsikia kocha akiuliza, "Huyu mbona hatoi mpira?"

Jibu lilikuwa jepesi. Mwalimu angesema tu, kwao ukipiga mbali mpira umepotea, mfundisheni kidogo atazoea. Mpare mwenzangu yule, mzaliwa wa Ugweno, akaegemea kiti akasema, "Si unatujua Wapare. Hata mpira tunabania."

Wakacheka. Utani wa ubahili tumeuzoea, wenyewe tunataniana nao kila siku, lakini siku ile ulinikosesha chuo. Sikuchaguliwa. Nililia ndani ya gari njia nzima ya kupanda, na kicheko kile nikikikumbuka hadi leo nakasirika.

Nikabaki nikawa mkulima. Bibi alipofariki, wajukuu zake waliohamia mjini wakaniachia lile shamba nililime. Juu yake uwanja ni ule ule, wavu hakuna, na sasa anayecheza ni binti wa kaka yangu. Jioni nikiwa napalilia nawaambia, pigeni, mimi niko huku. Mpira ukishuka naurusha juu hapo hapo, salamu tutapeana baadaye. Wanapiga mbali wasichana wale.

Mwezi uliopita mwalimu wa mkoa akaja, mvi zimemjaa. Akajaribu gongo, mpira ukanijia miguuni.

"Mama, tupe mpira," akaita.

Sikuurusha. Nikaendelea na jembe langu. Akashuka akiteleza, akihema. Nikatoa shikamoo, akaitikia marahaba. Nikamuuliza hali ya nyumbani, watoto, kahawa ya Ugweno imefikia wapi. Alijibu yote akinitazama usoni, na hakunikumbuka. Siku ile ya mchujo kwangu ilikuwa maisha mazima, kwake haikuwa hata siku. Nikampa mpira wake.

Alipofika juu nikamsikia akiwaambia wasichana, "Sisi Wapare bwana. Hata mpira tunabania."

Hakucheka mtu. Binti wa kaka yangu akamwambia kwa upole, "Yule ni shangazi yangu, mwalimu. Ndiye anayeturudishia."