Kiingereza cha Kuulizia Kifurushi

Bwana Himid bin Nasor alikuwa karani wa serikali kwa miaka kumi na minane, na kazi yake ilikuwa barua. Wakubwa wake wa Kizungu walipotaka kuandikiana, yeye ndiye aliyezipanga sentensi. Yalipokuja Mapinduzi, kiti chake akapewa mwengine. Hakupigwa wala hakufungwa; aliambiwa tu asije tena. Akarudi nyumbani kwake, mtaa wa Malindi hapo Unguja, kwenye chumba alichobaki nacho peke yake tangu mkewe kufariki, na kidogo kidogo watu wakaanza kumbishia hodi: huyu ana ndugu Ulaya, yule anaagizia dawa ya nje. Akiwaandikia Kiingereza kwa mwandiko uliolala upande mmoja kama mpunga uliopigwa na upepo, nao wakimpa walichojaaliwa.

Mwaka 1970, mwezi wa Mfunguo Nane, akaja Bi Mwanapili, jirani yake wa nyumba ya tatu.

"Shikamoo, Bi Mwanapili."

"Marahaba, Bwana Himid. Nimekuja na shida ya macho, lakini dawa yake ni kalamu."

Bi Mwanapili alikuwa mshonaji wa kofia za viua tangu usichana wake, na sasa hakuweza hata kutia uzi kwenye tundu ya sindano. Daktari alimpima, akamwandikia miwani ambayo Unguja nzima haikupatikana. Karatasi ile ikapelekwa Uingereza kwa Sheikha, ndugu yake wa kunyonya, aliyehamia huko mwaka wa sitini na nne. Sheikha akanunua miwani, akaipeleka kwa kampuni ya kupakia mizigo, akamletea Mwanapili nambari ya kifurushi. Hiyo ilikuwa Mfunguo Nne.

"Miezi minne sasa," alisema Bi Mwanapili. "Posta nshakwenda mpaka wamenchoka. Niulizie huko kilikotoka."

Himid akaandika kurasa mbili. Alipomaliza, bibi akataka asomewe maana yake kwa Kiswahili.

"Nina heshima kubwa na unyenyekevu," alisoma Himid, "kujiweka mbele ya uso wenu mtukufu, nikitaraji kuwa barua hii itawakuta katika afya njema, na kuwaomba radhi kwa kuthubutu kuwasumbua katika shughuli zenu nyingi…"

"Na kifurushi?"

"Kinakuja. Ukurasa wa pili."

Jawabu likarudi mwezi wa Rajabu. Himid aliifungua bahasha mwenyewe, akasoma, akasoma tena. Kampuni ilishukuru kwa maneno mazuri, ikamtakia bibi afya njema, kisha ikauliza: tafadhali, unataka tukusaidie nini?

Uso ulimuiva. Alikaa na karatasi ile mfukoni siku mbili, akipita njia ya nyuma asikutane na jirani yake. Kiingereza ndicho kitu pekee ambacho hakuna aliyemnyang'anya, na sasa wenyewe walikuwa hawakielewi. Siku ya tatu akaona haya zaidi kumficha mwanamke anayepapasa ukuta, akenda kumwambia.

Bi Mwanapili hakukasirika.

"Bwana Himid, kuku wako asiporudi jioni, ukenda kwa jirani, unamwambiaje?"

"Namwambia, kuku wangu hajarudi. Hujamwona?"

"Humwambii una unyenyekevu?"

"Aka!"

"Basi mwambie Mzungu hivyo hivyo."

"Watasema sina adabu, bibi. Barua ya ofisi ina heshima zake."

"Tia tafadhali. Tafadhali moja yatosha."

Himid akachukua kalamu. Kifurushi changu kimechelewa. Kilipakiwa tarehe kadha, nambari yake kadha. Tafadhali niambieni kiko wapi na kitafika lini. Ahsanteni. Mistari minne! Alijihisi kama aliyetoka nje bila ya kanzu. Bi Mwanapili akataka kusikia maneno yale yanavyotamkwa, akayarudia mpaka yakamkaa ulimini.

Safari hii jawabu halikuchelewa. Kifurushi kiliteremshwa Mombasa kwa makosa. Kingeletwa na meli itakayotia nanga Unguja mwezi wa Shaabani. Siku ilipofika wakenda wote wawili bandarini. Karani wa gati akapitisha kidole kwenye orodha, akatikisa kichwa. Hakimo.

Hapo ofisa mmoja wa meli, Mzungu, alikuwa akishuka ngazi mbiombio. Bi Mwanapili akamsukuma Himid mbele. Miaka sita Himid hakuwa amezungumza na mgeni kwa Kiingereza. Kilichomtoka kilikuwa kile kile cha zamani: ana heshima kubwa, anaomba radhi kwa kuthubutu… Ofisa akatazama saa yake, akataka kupita.

Bi Mwanapili akajiweka sawa buibui lake, akapaza sauti:

"Mai paseli izi leti! Weya izi iti, plizi?"

Wachukuzi waliangua kicheko. Yule Mzungu alisita, akageuka, akatabasamu, na kumuuliza Himid nambari. Himid akaitaja. Jina? Akalitaja. Mna nini ndani? Miwani, alijibu Himid, ya macho ya bibi huyu. Na maneno yalimtoka mafupi, yaliyonyooka, kama mtu aliyetua mzigo. Ofisa akapanda tena melini. Walisubiri juani kwa muda mrefu, mpaka Himid akaanza kusema waondoke, ndipo akarudi na kijisanduku kilichopondeka pembe moja. Gunia lilichanika baharini, alieleza, vitu vidogo vikawekwa mbali, havikuandikwa.

Mkono mmoja wa miwani ulikuwa umevunjika. Bi Mwanapili aliufunga pale pale kwa uzi aliouchomoa kwenye ncha ya kanga, akaivaa. Akatazama maji, wachukuzi, karani. Kisha akamgeukia Himid, akamkazia macho muda mrefu.

"Alaa! Bwana Himid, kumbe umekonda hivi? Nani anakupikia?"

Himid akaikusanya kanzu iliyompwaya, akatangulia njia ya nyumbani.

Tangu siku ile, jioni haikupita bila ya bakuli kutoka nyumba ya tatu. Mchele ulipoadimika madukani, bakuli lilikuja na muhogo, siku nyengine na ndizi mbichi zilizopikwa kwa nazi, lakini lilikuja. Naye Himid aliendelea kuwaandikia watu. Wengine walinung'unika kuwa barua zake zimekuwa fupi mno, hazina uzito wa karani wa serikali. Aliwasikiliza kwa adabu, akawasomea tena mistari yao minne, kisha akaitia bahasha gundi.